Corolla ya zamani haiwaki: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu kabla ya kununua betri nyingine

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kununua betri mpya, gari likawaka vizuri kwa wiki mbili, kisha asubuhi moja likanyamaza kama mwanzo. Betri ni rahisi kubadilishwa, kwa hiyo ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi, hata hivyo, hitilafu iko kwenye kiungo kilicholiwa na kutu au ndani ya starta (mota inayozungusha injini ili iwake), na betri mpya, kwa kuwa ina nguvu nyingi, huifunika kasoro hiyo kwa siku kadhaa tu. Ndiyo maana hapa hakuna kifaa kitakachobadilishwa kabla hakijapimwa.

Mfano wangu ni Toyota Corolla 100 na 110 za miaka ya 1990 zenye injini ya petroli ya 5A-FE, ile ya sentimita za ujazo 1,498 inayotumia distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Karibu hatua zote hufaa gari lolote la zamani la volti 12, isipokuwa majina ya fyuzi na sehemu za Hatua ya 6 ambazo ni za Toyota.

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya dijitali yenye kipimo cha volti za DC na cha ampea 10. Hata ile ya bei nafuu ya maduka ya Kariakoo inatosha.
- Spana namba 10, 12 na 14, bisibisi, koleo lenye mpini wa plastiki, na tochi.
- Taa ya kupimia umeme, yaani balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili.
- Msasa laini, brashi ya waya, magadi soda, maji ya uvuguvugu na mafuta mazito ya grisi.
- Plagi moja nzima ya akiba.
- Kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 10 hivi, kilichochunwa ncha zote mbili.
- Mtu wa pili wa kukaa kwenye usukani. Usijaribu kufanya kazi hii peke yako.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye nyutro (au P kwa gari la otomatiki), na uvue pete na saa ya chuma. Betri hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka kwa cheche ndogo, hivyo sigara na kibiriti vikae mbali.

Ukiitenganisha betri, anza na waya wa hasi na uurudishe ukiwa wa mwisho. Sababu ni kwamba bodi zima la gari limeungwa na hasi. Spana yako ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, utapata moto mkubwa mkononi.

## Hatua ya 1: Sikiliza gari linasema nini

Washa taa kubwa za mbele, kisha mwenzako apige starti huku wewe ukitazama taa na kusikiliza boneti. Usiruke hatua hii kwa kuiona nyepesi, kwa kuwa itakuambia uende hatua ipi.

Taa zinazimika au zinafifia sana, na kunasikika "ta-ta-ta-ta" ya haraka. Umeme haufiki wa kutosha. Nenda Hatua ya 2 na ya 3.

Taa zinabaki na mwanga wake, na kunasikika "ta" moja nzito. Amri imefika kwenye starta, lakini mota yake haizunguki. Soma Hatua ya 3, kisha ya 5.

Taa zinabaki na mwanga wake na hakuna sauti yoyote. Amri haifiki kwenye starta. Nenda Hatua ya 4.

Injini inazunguka kwa kasi ya kawaida lakini haiwaki. Achana na betri na starta kabisa, nenda Hatua ya 6.

Kuna hali ya tano inayowachanganya wengi: unasikia mota ya starta ikizunguka kwa kasi kama feni, lakini injini imetulia. Hapo jino dogo la starta halishiki gurudumu la injini, na starta lazima ishushwe.

## Hatua ya 2: Pima betri, usiikisie

Pima asubuhi kabla gari halijawashwa, au saa kadhaa baada ya kuzimwa, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu za uongo. Ncha nyekundu ya mita iguse nguzo ya chanya na nyeusi iguse nguzo ya hasi.

Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Chini ya 11.9 betri ni tupu, na kipimo chochote utakachofanya baada ya hapo kitakudanganya, kwa hiyo ichaji kwanza.

Betri iliyojaa bado yaweza kuwa imechoka. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa kunyunyiza petroli) katika kisanduku cha fyuzi cha boneti ili injini isiwake, kisha mwenzako apige starti kwa sekunde 5 huku ukitazama mita. Ikibaki juu ya volti 10, betri ni nzima. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa na 12.6, betri imechakaa, au starta inavuta umeme kupita kiasi. Ili kutofautisha, azima betri unayoijua kuwa nzima na urudie kipimo hicho hicho. Na yenyewe ikianguka vivyo hivyo, starta ndiyo yenye kosa.

Usipige starti zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na uipumzishe starta dakika nzima kabla ya kurudia, maana huchemka na kuungua ndani.

Kwa betri zenye vifuniko, angalia pia maji katika kila chumba. Bati za risasi zikionekana juu ya maji, ongeza maji safi ya betri yasiyo na tindikali hadi yazifunike. Kuongeza tindikali, kama wanavyofanya baadhi ya wachajishaji wa mitaani, hakurudishi uhai wa betri bali huzila bati zake.

## Hatua ya 3: Viungo na kebo, mahali hitilafu nyingi hujificha

Hapa ndipo nilipopoteza betri yangu ya pili. Teminali, yaani vile vishikizo vinavyobana nguzo za betri, zilionekana safi na zimekaza. Nami nilitosheka na macho. Kosa lilikuwa kwenye kebo ya hasi, pale inapofungwa kwenye giaboksi, chini, ambako matope ya masika mawili yalikuwa yameifanya iwe kijani kibichi ndani ya mpira wake.

Starta ya gari dogo huvuta ampea mia moja na zaidi. Katika mkondo mkubwa hivyo, kizuizi kidogo kisichoonekana kwa macho hula volti kadhaa, ilhali taa ya ndani, inayohitaji chini ya ampea moja, itawaka vizuri kabisa kupitia kiungo hicho hicho. Kwa hiyo kusema "betri iko sawa, mbona taa zinawaka" si kipimo.

Kipimo cha kweli hufanyika wakati starti inapigwa, fyuzi ya EFI ikiwa bado nje:

1. Ncha moja ya mita iguse risasi ya nguzo ya chanya yenyewe, nyingine iguse teminali iliyoibana. Piga starti. Mita isome karibu na sifuri. Ikipita volti 0.1, kiungo hicho ni kibovu.
2. Ncha moja ibaki kwenye nguzo ya chanya, nyingine iguse bolti nene ya starta inayopokea kebo ya betri. Isizidi volti 0.5.
3. Ncha moja iwe kwenye nguzo ya hasi, nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Isizidi volti 0.3.
4. Rudia la tatu, lakini sasa ncha ya pili iguse bodi la gari badala ya injini, huku taa kubwa zikiwaka. Isizidi volti 0.1.

Kipimo kitakachovuka kiwango kimekuonyesha ni kipande gani cha njia kinachokula umeme. Sogeza ncha ya mita kidogo kidogo, kutoka nguzo hadi teminali, kutoka teminali hadi mwisho wa kebo, na utakifikia kiungo chenyewe.

Kusafisha ni kazi rahisi. Fungua hasi, kisha chanya. Koroga kijiko kimoja cha magadi soda katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina juu ya ule unga mweupe au wa bluu, na uache utoe povu hadi utulie. Magadi huua tindikali. Hakikisha maji hayo hayaingii ndani ya vyumba vya betri. Suuza, kausha, piga msasa nguzo na ndani ya teminali hadi zing'ae, funga, kisha ndipo upake grisi kwa juu. Ukipaka grisi kabla ya kufunga umejitengenezea kizuizi kingine. Kwa magari ya Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako hewa ya chumvi haisamehi chuma, rudia kazi hii kila baada ya miezi mitatu.

Umefanikiwa ikiwa vipimo vyote vinne viko ndani ya kiwango. Kama gari bado halizungushi injini, endelea.

## Hatua ya 4: Hakuna sauti yoyote

Umeme wa kuiamuru starta hutoka betri, hupita fyuzi ya AM2, huingia swichi ya ufunguo, na katika gari la otomatiki hupita swichi ya gia kabla ya kufika kwenye waya mwembamba wa starta.

Kwa gari la otomatiki jaribu kwanza kupiga starti gia ikiwa N badala ya P. Ikikubali, swichi ya gia imesogea au imechakaa. Kwa gari lolote kagua AM2: fyuzi isikaguliwe kwa macho tu, bali ipimwe kwa taa ya kupimia pande zote mbili.

Kisha nenda kwenye starta. Unga waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye chuma cha injini na wa pili kwenye waya mwembamba wa starta. Mwenzako apige starti.

Taa ikiwaka sawasawa, amri inafika na starta ndiyo mbovu. Nenda Hatua ya 5. Isipowaka, tatizo liko kwenye njia ya amri kabla ya kufika starta.

Kabla ya kununua swichi ya ufunguo, uliza historia ya gari. Magari mengi ya mkono wa pili yamewahi kufungwa king'ora, swichi ya siri ya kuzuia wizi, au kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na mkopeshaji, na vyote hivi hukata waya wa starta au wa pampu ya mafuta kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Rilei hiyo ikifa, gari huwa kama limeibwa likiwa nyumbani kwako. Tafuta nyaya zilizozungushiwa utepe mweusi chini ya usukani, hasa zile ambazo rangi yake hailingani na nyenzake.

## Hatua ya 5: "Ta" moja, kisha kimya

Kipande cha mviringo kilichoungana na starta huitwa solenoidi. Kinapopata amri hufanya kazi mbili: husukuma jino dogo lishike gurudumu la injini, na hugonganisha pini yake ya shaba na vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye mota. Katika starta za Denso zilizofungwa kwenye Corolla hizi, vipande hivyo viwili ndivyo huliwa na cheche mwaka hadi mwaka, na kimoja huwahi kuisha kuliko kingine. Matokeo yake ni gari linalowaka ukipiga starti mara ya tano au ya kumi.

Thibitisha hivi. Pima volti kati ya chuma cha injini na bolti nene ya pili ya solenoidi, ile yenye waya unaoingia kwenye mota. Piga starti. Ukisikia "ta" na mita ikasoma karibu na sifuri, shaba zimekwisha. Mita ikisoma volti 10 au zaidi na mota haizunguki, brashi za kaboni zimekwisha au mota imeungua.

Wako watakaokushauri uigonge starta kwa nyundo. Kuigonga polepole kwa mpini wa bisibisi kunaweza kukutoa barabarani usiku mmoja, lakini kesho tatizo litakuwa pale pale, na nyundo nzito huweza kupasua kifuniko.

Kebo nene ya starta ina umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Fungua hasi ya betri kabla hujaishusha starta. Shaba na brashi huuzwa peke yake katika maduka ya vipuri vya umeme wa magari, na kuzibadilisha ni rahisi kuliko kununua starta nyingine ya mtumba ambayo nayo huenda ina shaba zilizokwisha. Peleka za zamani kama sampuli.

Starta iliyopona huitikia kila unapoigusa. Jaribu mara 20, ukiipumzisha kila baada ya chache, kabla ya kujisifu.

## Hatua ya 6: Injini inazunguka lakini haiwaki

Rudisha fyuzi ya EFI. Wengi huisahau, kisha hutafuta kosa walilolitengeneza wenyewe.

Kwanza, mkanda wa taiming, ule wa ndani ya injini unaozungusha valvu na distribyuta. Fungua kifuniko cha distribyuta na utazame rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, mwenzako anapopiga starti kidogo. Rota isipozunguka ilhali injini inazunguka, mkanda umekatika. Simama hapo, usipige starti tena, ita fundi.

Pili, soma kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta ya injini huhifadhi inapogundua kosa. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS, na upande wa ndani wa kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Kwa kuwa kuchomoa fyuzi ya EFI au betri hufuta kumbukumbu, piga starti kwanza kwa sekunde 10, kisha unganisha TE1 na E1 kwa ule waya mfupi na uwashe ufunguo bila kupiga starti. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Mpepeso mmoja, pumziko, kisha miwili ni kodi 12, yaani kompyuta haikupata ishara ya mzunguko wa injini kutoka distribyuta; kodi 14 ni hitilafu katika njia ya umeme wa cheche.

Hakikisha tundu mara mbili kabla ya kuchomeka. Ukiunganisha +B na E1 unachoma fyuzi au kitu cha gharama zaidi.

Tatu, tafuta cheche. Chomoa waya mmoja wa plagi, uvishe kwenye plagi ya akiba, na uilaze juu ya chuma kitupu cha injini huku ukiishika kwa koleo la mpini wa plastiki. Plagi za injini zibaki mahali pake ili mvuke wa petroli usitoke. Cheche ya bluu-nyeupe inayolia ni nzuri. Ya njano na dhaifu ni mbaya. Usiache waya ukining'inia bila plagi, kwa kuwa umeme usio na pa kwenda huua koili na ignita, vifaa vinavyotengeneza umeme wa cheche.

Cheche ikiwa dhaifu, kagua distribyuta ndani: unyevu, ufa mweusi mwembamba kama unywele, kaboni ya katikati iliyokwisha, au mafuta ya injini yaliyopenya kwa sababu mpira wake wa mviringo umekauka. Chungulia pia visima vya plagi, kwani katika injini hizi gasketi ya kifuniko cha valvu ikichoka mafuta hujaa humo na kuozesha mipira ya waya. Gari lililogoma baada ya kuvuka maji ya mvua mara nyingi huhitaji kitambaa kikavu tu.

Nne, mafuta ya petroli. Katika nyingi za Corolla hizi pampu hailii unapowasha ufunguo peke yake. Hufanya kazi wakati wa kupiga starti na injini inapozunguka. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa sababu mwenye gari alisikiliza wakati usio wake. Unganisha Fp na +B kwenye kiboksi kile, washa ufunguo, na usikilize karibu na kiti cha nyuma. Ukisikia mlio wa pampu na gari likawaka, pampu ni nzima na rilei yake au njia ya kuiamuru ndiyo yenye kosa. Usiposikia kitu, pima kama umeme unafika kwenye plagi ya nyaya za pampu kabla ya kuihukumu.

Ukikosa cheche na mafuta kwa pamoja, usinunue koili na pampu. Fikiria kisoma-mzunguko kilicho ndani ya distribyuta, ambacho bila ishara yake kompyuta huzuia vyote viwili, na uoanishe na kodi 12.

## Hatua ya 7: Likiwaka, pima chaji

Injini ikiwa silensa, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, mita kwenye nguzo za betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na redio. Isishuke chini ya 13.2. Chini ya hapo, kagua kwanza kama mkanda wa alteneta (mashine inayochaji betri) umelegea, kisha brashi zake. Juu ya 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, imekufa na betri itachemka.

Usikubali fundi achomoe waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kupima alteneta". Njia hiyo ilitoka enzi za magari yasiyo na kompyuta. Leo volti huruka ghafla na huweza kuua kompyuta ya injini.

## Hatua ya 8: Betri nzima, chaji nzima, lakini asubuhi ni tupu

Kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Weka mita kwenye ampea 10, ncha nyekundu ikiwa katika tundu lake la ampea, fungua waya wa hasi na uiunganishe mita kati ya nguzo ya hasi na waya huo. Usipige starti wala usiwashe taa mita ikiwa hapo, la sivyo utaiunguza.

Subiri dakika 10. Ampea 0.05 au pungufu ni kawaida kwa saa na redio. Ampea 0.5 inaonekana ndogo, lakini kwa saa 48 ni ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45.

Chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako akitazama mita. Ile itakayoiangusha imekuonyesha njia. Redio ya mtumba iliyofungwa ovyo na taa ya buti isiyozima ndizo huongoza. Ukimaliza fyuzi zote na mita haijashuka, ondoa mita, na kwa kuwa waya wa hasi bado uko nje, fungua kebo nene ya nyuma ya alteneta, uizungushie utepe isiguse chuma, kisha urudishe mita na upime tena. Ikishuka sasa, dayodi za alteneta, ambazo huzuia umeme usirudi nyuma, zinavuja, na alteneta ipelekwe kwa fundi wa umeme wa magari, hata kama mchana inachaji vizuri.